Kufufua Gari la Spoti la Zamani Nyumbani: Anza na Mlango, Si Injini

Ukitaka kujua hali ya gari la spoti la zamani, acha boneti kwanza. Nenda kwenye mlango. Ufunge taratibu, kisha uchutame mpaka macho yako yalingane na kitasa, na uutazame mwanya ulio kati ya mlango na bodi. Kama juu umebana na chini umeachama, au kama mlango hautaki kufunga mpaka uunyanyue kidogo, basi bodi imelegea katikati. Gari la namna hiyo linaweza kuwaka ukigusa tu ufunguo, rangi yake ikang'aa mpaka ujione uso, na bado likawa limevunjika mgongo.

Nimeanza na mlango kwa sababu ndipo wengi wanapopakosa. Kufufua gari nyumbani kunaonekana kugumu kwa kuwa vitu ni vingi: injini, breki, nyaya, siti, rangi, vipuri visivyouzwa tena. Ila ukikaa na kitu kimoja kimoja, vingi vinawezekana kwa mtu mwenye subira na spana nzuri. Kinachoshinda watu ni mpangilio, yaani kujua nini kitangulie na nini kifuate. Mtu anapaka rangi kabla ya kuchomelea. Mwingine ananunua injini kubwa kabla ya kujua kama bodi itaibeba. Baada ya hapo ni kurudia kazi iliyokwisha kulipiwa, na hapo ndipo moyo unapovunjika na gari linabaki vipande kwenye maboksi.

Bodi ndiyo chesisi

Lori lina chesisi: reli mbili nene za chuma zinazobeba kila kitu, na bodi imekalishwa juu yake. Magari mengi ya spoti ya zamani yalikuwa hivyo. MGA, gari la spoti la kampuni ya MG lililotengenezwa Uingereza kuanzia 1955 hadi 1962, ilikuwa na chesisi yake, na bodi ungeweza kuifungua boliti ukainyanyua. Iliyofuata, MGB ya 1962 hadi 1980, haikuwa na kitu hicho. Bati lenyewe, lililokunjwa na kushikizwa kwa nukta za moto, ndilo chesisi.

Chukua boksi la viatu lenye mfuniko, lishike pande mbili ujaribu kulisokota. Linagoma. Ondoa mfuniko ujaribu tena: linajisokota mkononi. Gari la spoti lisilo na paa ni boksi lililoondolewa mfuniko. Kazi ya paa lazima ifanywe na kitu kingine, nacho ni mihimili miwili ya bati inayopita chini ya milango, kulia na kushoto, toka gurudumu la mbele hadi la nyuma. Kwa nje unaona ukanda mmoja tu uliopakwa rangi. Kwa ndani, kwenye MGB, kuna bati la nje, bati la kati lililosimama wima, na bati la ndani, yote yameungana kuwa kama bomba lenye vyumba viwili. Bomba likiwa zima, gari linajibeba. Likioza, nguzo za mbele na nyuma ya mlango zinaanza kuinamiana, na mlango ndio wa kwanza kulalamika.

Kutu haitaki mengi: chuma, maji na hewa. Chumvi ikiongezeka, inakimbia. Ndani ya mhimili maji huingia na mvua, vumbi huyashika yasikauke, na vitundu vilivyowekwa kiwandani ili yatoke huziba kwa tope au kwa rangi ya mtu asiyejua kazi yake. Kwa hiyo kutu hula kutoka ndani kuja nje. Kipele kidogo unachokiona kwenye rangi ni mwisho wa safari yake. Tena kutu ina unene kuliko chuma ilichokila, mara kadhaa, ndiyo maana mabati mawili yaliyoungana huvimba kwenye maungio na kuachana kana kwamba mtu ameyatenganisha kwa patasi.

Kwenye gari langu kulikuwa na kipele kimoja tu, hakizidi ukucha wa kidole kidogo, karibu na gurudumu la nyuma. Nilikigusa kwa bisibisi. Ikazama mpaka mpini. Nilipoitoa ilifuatwa na udongo mkavu na vigamba vya kahawia, vikaendelea kumwagika sakafuni kama mtama kwenye gunia lililotoboka. Nikaingiza kidole kulitafuta lile bati la kati. Halikuwepo. Aliyelitengeneza gari hilo kabla yangu alifunika uozo kwa bati jipya, akalishika kwa ribiti, akasawazisha kwa puti, akapaka rangi. Kwa macho lilikuwa gari zima, na kwa miaka kadhaa watu walikaa ndani yake wakikimbia nalo barabarani.

Ndiyo maana nasema nenda kukagua gari ukiwa na bisibisi, sumaku iliyofungwa kitambaa, na tochi. Sumaku ikikataa kushika mahali panapopaswa kuwa chuma, hapo pana puti. Puti si dhambi. Ikiwa nyembamba, milimita mbili au tatu, inasawazisha bati lililonyooshwa vizuri. Ikiwa nene kiasi cha sumaku kuanguka, inaficha shimo. Gonga kwa kifundo cha kidole kote kwenye mihimili na kwenye sakafu: bati zima hulia, bati lililooza hujibu kama kadibodi.

Kila gari lina mahali pake pa kuozea, na kupajua kabla ya kununua ni nusu ya kazi. Datsun 240Z, iliyotoka 1969 na ambayo ilishinda Safari Rally mwaka 1971 na tena 1973, haikuwa gari dhaifu hata kidogo. Lakini betri yake imekaa kwenye sinia la bati ndani ya boneti, na tindikali ikichuruzika kwa miaka inakula sinia, inashuka kwenye ukuta wa injini, kisha inaifikia reli ya chini inayobeba mbele ya gari. Mtu anayekagua 240Z bila kupiga tochi chini ya betri hajakagua. Kwenye MGB betri ziko nyuma ya siti, na magari ya awali yalikuwa na betri mbili za volti sita zilizounganishwa. Hapo unatazama chini yake, unatazama sakafu, kisha unarudi kwenye mihimili.

Kukata bila kupoteza umbo

Sehemu hii ndiyo inayotisha, na inastahili kutisha kidogo. Ukikata mhimili uliooza, kwa muda unaondoa kitu kilichokuwa kikizuia gari lisijikunje. Kabla ya kugusa grainda, chomelea au funga kwa boliti chuma cha mraba kikingame kwenye uwazi wa mlango, kutoka nguzo ya mbele hadi ya nyuma, juu na chini. Pima mianya ya mlango sehemu nne au tano, na uziandike namba hizo ukutani kwa kalamu isiyofutika. Uzito wa gari ukae pale unapokaa siku zote, yaani kwenye magurudumu au kwenye stendi zilizowekwa chini ya ekseli, si kwenye jeki moja katikati ya sakafu. Fanya upande mmoja mpaka uishe, ndipo uende wa pili.

Mimi upande wa kwanza nilikata bila chuma cha kukingamiza. Niliona mhimili umeoza kiasi kwamba haubebi kitu, kwa hiyo kuutoa hakutabadilisha lolote. Ulikuwa unabeba. Nilichomelea bati jipya, nikaurudisha mlango, ukagoma kuingia: mwanya wa juu ulikuwa umepungua milimita sita. Ilibidi nikate kazi yangu ya siku mbili, niweke jeki na ubao chini ya sakafu, nipandishe robo mzunguko kwa robo mzunguko mpaka mwanya ulingane, nikingamize chuma, kisha nianze upya. Tangu hapo mlango haukai mbali wakati wa kuchomelea. Ninauning'iniza mahali pake na kuujaribu kila baada ya hatua, kabla moto haujafunga neno.

Kuchomelea kwenyewe ni kazi ya subira kuliko ya nguvu. Bati la gari ni jembamba, milimita moja au pungufu, na ukilipitishia mstari mrefu wa moto linapinda kama jani mkaani. Unaweka nukta moja hapa, unaruka sentimita kumi, unaweka nyingine, unaruka tena, unarudi katikati baada ya bati kupoa kiasi cha kuwekwa kiganja. Unaendelea hivyo mpaka nukta zikutane. Mashine ya kuchomelea yenye waya na gesi ndiyo inayomfaa anayejifunza, na siku za mwanzo zote ziishe kwenye vipande vya bati bovu, si kwenye gari.

Kuna mambo ya usalama ambayo siyawekei nafasi ya kujadiliana. Tangi la petroli hutoka kabla ya moto wowote, na betri huchomolewa. Dawa za kusafishia breki zenye klorini hazikai karibu na uchomeleaji, kwa sababu mvuke wake ukikutana na joto na mwanga ule hutengeneza fosijini, gesi inayoua. Breki, klachi na gasketi za zamani mara nyingi zina asbesto: usipulize vumbi lake kwa hewa ya kompresa, lilowanishe na ulipanguse. Rangi za zamani zinaweza kuwa na risasi, kwa hiyo hata kupiga msasa kunataka barakoa ya kweli. Na hakuna mtu anayeingia chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja ya kuokota nati.

Bati likishafungwa, kazi ya ndani haijaisha. Sehemu za ndani ya mhimili zilizopitiwa na moto zimebaki uchi, na chuma kilicho uchi huanza kupata kutu ndani ya siku chache. Baada ya rangi, nta ya kuzuia kutu hupulizwa ndani kupitia vitundu, mpaka uione ikichuruzika kwenye tundu la mwisho. Ukisahau hilo, umejenga mhimili mpya utakaooza kwa njia ileile.

Yapo magari ambayo bodi yake haifai tena kushonwa. Kwa MGB kuna bahati ya pekee: tangu 1988 kampuni ya British Motor Heritage inatengeneza bodi mpya nzima. Unaweza kuhamishia vitu vyako vyote kwenye bodi isiyo na hata kovu. Lakini hapo linakuja swali ambalo kila mfufuaji atakutana nalo mapema au baadaye: kilichobaki cha gari lile ni nini?

Kurudisha au kubadilisha: amua kabla hujapaka rangi

FIVA, shirikisho la kimataifa la magari ya kale, lina mkataba unaoitwa Mkataba wa Turin. Roho yake ni kwamba kutunza kilichopo ni bora kuliko kukifanya kipya, na kwamba mabadiliko yanayolazimika yawe ya kuweza kurudishwa nyuma. Si sheria kwa mtu aliye gerejini kwake, na mimi sioni kosa kubadilisha gari. Lakini huo wa kurudishika ndio mstari wangu. Kitu kinachofungwa kwa boliti kwenye matundu yaliyopo, kama uwashaji wa elektroniki ndani ya distributa ya zamani, kinaweza kutolewa kesho na pointi, zile swichi ndogo za zamani zinazokata umeme ili plagi ziwake, zikarudi. Kitu kinachodai ukate bati, utanue mwanya wa gurudumu au uhamishe mhimili kinafuta kitu ambacho hakirudi. Kama gari lako ni adimu, lina injini yake ileile ya kiwandani na namba zinalingana, fikiria mara tatu. Kama ni gari lililokwisha kuguswa na watu wanne, uhuru ni wako zaidi. Kwa vyovyote, weka vipuri vya asili kwenye boksi vikiwa na majina. Usitupe kitu.

Uamuzi huu unakaa hapa, kati ya kuchomelea na rangi, kwa sababu badiliko moja huvuta mengine kama uzi kwenye sweta. Tuseme unataka nguvu zaidi kwenye 240Z. Injini yake ya silinda 6, L24, ina ujazo wa sentimita za ujazo 2,393. Ndugu yake mkubwa L28, yenye 2,753, iliyowekwa baadaye kwenye 280Z, hukaa kwenye nafasi ileile karibu bila kukata kitu. Ndiyo maana wenye 240Z wengi huipenda: ni ukoo mmoja. Haya, umeifunga. Nguvu zaidi ni joto zaidi, kwa hiyo redieta ya zamani iliyoziba nusu haitoshi. Nguvu hiyo inapita kwenye klachi, kisha giaboksi, kisha difu, kisha ekseli, na kiungo kilicho dhaifu kuliko vyote ndicho kitakachokuonyesha mahali pake. Gari sasa linafika kwenye kona likiwa na mwendo mkubwa kuliko zamani, na breki ni zilezile. Breki kubwa zinataka rimu kubwa. Rimu kubwa yenye tairi pana inagusa bodi usukani ukikatwa mpaka mwisho. Umeanza na injini, umeishia kukunja bati la bodi. Kama bodi ilikwisha pakwa rangi, unajua kinachofuata.

Kwa hiyo mnyororo huo ninaufuata kinyume. Ninaanza na tairi na breki, ninapanda kwenye springi, shokapu na bushi, na mwisho kabisa ndiyo injini. Bushi mpya za mpira peke yake, badala ya zile zilizopasuka na kukauka, zinaweza kulibadilisha gari la zamani kiasi kwamba mtu anasahau alikuwa anataka injini nyingine. Bushi ngumu za polyurethane hufanya usukani ujibu upesi, lakini hupeleka kila tetemeko la barabara kwenye bodi na kwenye mgongo wako. Kwa gari la kuendesha kila wiki mimi huchagua mpira.

Kiwanda cha MG chenyewe kilibadilisha MGB. Kati ya 1973 na 1976 kilitoa MGB GT V8 yenye injini ya Rover ya silinda 8, lita 3.5. Injini hiyo ilikuwa ya aluminiamu, hivyo uzito wake haukupishana sana na ule wa injini ya chuma ya silinda 4, lita 1.8. Na kiwanda kiliiweka kwenye bodi yenye paa la chuma peke yake. Mtu anayetaka kuiweka kwenye bodi isiyo na paa arudie kwanza lile boksi la viatu.

Breki, na hosi iliyonidanganya

Breki za gari lililosimama miaka mingi hazikaguliwi, hufunguliwa zote. Oili ya kawaida ya breki, DOT 3 au DOT 4, hunyonya unyevu wa hewa. DOT 4 mpya inatakiwa isichemke kabla ya nyuzi 230 za Selsiasi. Ikishanyonya maji, kiwango kinachodaiwa hushuka mpaka 155. Ikichemka kwenye mteremko, mvuke unabonyea na pedali inazama mpaka sakafuni. Maji hayohayo hutia kutu ndani ya masta silinda, pampu inayosukumwa na pedali, na kwenye pistoni za kalipa, kifaa kinachobana pedi kwenye gurudumu. Oili hiyo pia hula rangi, sababu nyingine ya kumaliza breki kabla ya kupaka bodi. DOT 5 ni ya silikoni na haichanganywi na hizo nyingine.

Nilibadilisha masta silinda, nikasafisha kalipa, nikafunga pedi mpya. Gurudumu moja la mbele likawa linashika na haliachii. Nikaifungua kalipa tena. Ilikuwa safi, pistoni inateleza kwa kidole. Tatizo lilikuwa hosi ya mpira, ambayo kwa nje haikuwa hata na ufa. Nilipoikata kwa urefu, mpira wa ndani ulikuwa umevimba na kuchanika, na kile kipande kilichochanika kilikuwa kama mlango wa upande mmoja. Mguu ukikanyaga, presha inausukuma na kupita. Mguu ukiachia, oili haina nguvu ya kurudi. Hosi za mpira hubadilishwa zote, bila kuzitazama usoni.

Tairi nazo zisomwe. Ubavuni, mwisho wa maandishi yanayoanza na DOT, kuna namba nne kwenye tairi zilizotengenezwa tangu 2000: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Tairi lenye kashata zote lakini umri wa zaidi ya miaka kumi ni la kusukumia gari gerejini tu.

Injini na umeme

Kwenye injini nitapita haraka, kwa sababu ndiyo sehemu ambayo vitabu vya matengenezo vya kila gari vinaieleza vizuri. Injini ambayo haijawaka kwa miaka haipigwi stata. Unatoa plagi, unamimina oili nyepesi ya kupenyeza kwenye kila silinda, unaiacha siku kadhaa, kisha unazungusha kranki kwa spana na mkono. Ikizunguka bila kukwaruza, unapima kompresheni plagi zote zikiwa nje na mafuta yamekanyagwa mpaka mwisho. Namba zenyewe hazikuambii sana kuliko tofauti kati yake. Silinda zikipishana kwa zaidi ya asilimia 10 hivi, kuna jambo. Mimina kijiko cha oili kwenye silinda dhaifu upime tena. Namba ikipanda, ringi zimechoka. Isipopanda, tafuta kwenye valvu au gasketi ya hedi.

Jambo moja la enzi hizi: injini nyingi za zamani zilitegemea risasi iliyokuwa kwenye petroli kulinda vikalio vya valvu. Risasi imeondolewa, kwa hiyo hedi ikifunguliwa ni wakati wa kuweka vikalio vigumu vya chuma. Petroli yenye ethanoli nayo hulainisha mipira ya zamani, hivyo hosi zote za mafuta zibadilishwe kwa zile zinazoihimili. Hosi iliyochoka juu ya eksosi yenye moto imeunguza magari mengi mazuri.

Umeme wa magari ya zamani una sifa mbaya isiyostahili. Nyaya zake ni chache, na mtu anaweza kuzifuata kwa kidole. Mara nyingi ugonjwa uko kwenye maungio. Taa ya mbele ikiwaka kwa unyonge, usikimbilie kununua taa. Washa taa, chukua multimita, upime volti kati ya nguzo chanya ya betri na waya ulioko kwenye taa. Namba unayoiona ni volti zinazopotea njiani. Kisha upime kati ya mwili wa taa na nguzo hasi. Nusu volti ni nyingi. Volti mbili ni nusu ya mwanga wako umekwenda kuchemsha swichi na viungio vyenye kutu. Piga msasa sehemu ya kufungia waya wa bodi, uifunge upya kwa nati safi, na weka relei, swichi inayoendeshwa na umeme, ili mkondo mkubwa usipite tena kwenye swichi ya dashibodi. Kisha upime tena.

Na kabla ya kuunganisha chochote cha kisasa, jua bodi imefungwa kwenye nguzo ipi. MGB za mpaka 1967 zilikuwa na nguzo chanya kwenye bodi, kinyume na mazoea ya leo. Redio au uwashaji wa elektroniki ukiunganishwa bila kuuliza swali hilo huungua mara moja.

Rangi, kisha barabara

Rangi inakuja mwisho, na karibu kazi yake yote ni msasa. Bonde usiloliona kwenye praima ya kijivu litaonekana kwenye rangi nyekundu inayong'aa, kwa hiyo piga safu nyembamba ya rangi tofauti juu ya praima, piga msasa kwa ubao mrefu, na uone wapi inabaki. Ukifika kwenye rangi zinazochanganywa na kigumisho, simama. Nyingi zina isosayaneti, kemikali inayodhuru mapafu, na barakoa ya chujio haimtoshi mtu aliye ndani ya wingu hilo. Kunatakiwa barakoa inayoletewa hewa safi kutoka nje, na chumba chenye kufyonza. Hapa mimi humpelekea mtu mwenye chumba chake. Bodi ninaiandaa mwenyewe mpaka hatua ya mwisho, wiki kwa wiki, na kupuliza namwachia yeye.

Gari likirudi na rangi, usilifunge mazulia. Lipeleke barabarani likiwa uchi ndani, kilomita chache tu, karibu na nyumbani, ukiwa na kizima moto mkononi mwa abiria. Rudi, weka kiganja karibu na kila gurudumu: lenye joto kuliko wenzake lina breki inayoshika. Tandika kadibodi chini usiku kucha na usome madoa asubuhi, oili nyeusi ni ya injini, yenye harufu nzito ni ya difu, iliyo safi na yenye utelezi karibu na gurudumu ni ya breki. Kaza nati za magurudumu kwa spana ya torki, kisha boliti za springi na usukani, kwa sababu bushi mpya na rangi mpya hukaa vizuri zikishabebeshwa uzito, na kilichokazwa gerejini hulegea.

Baada ya kilomita mia kadhaa za namna hiyo, za barabara mbaya na nzuri, chukua rula, uchutame tena pembeni ya mlango, upime mianya ileile na ulinganishe na namba ulizoandika ukutani. Zikiwa zilezile, fungua boksi la mazulia.